Lita Mbili, Lita Tatu, na Tela ya Fundi

Haya nimeelezwa na mke wa fundi, tukiwa kwenye foleni ya maji bombani, wiki ile mahindi yalipokwisha kukauka mashambani na kila mtu ana haraka zake. Ndoo zilikuwa nyingi na maji yalitoka kwa kudondoka, basi akapata nafasi ya kuyasema yote. Yeye mwenyewe hakuyaona yote. Mengine aliyapata kwa wifi yake, na huyo wifi ndiye mwenye habari.

Wifi huyo watu humwita Mama Mashine. Ana mashine ya kupukuchua mahindi, ile yenye injini yake yenyewe, imefungwa juu ya tela ya magurudumu mawili, na huizungusha shamba kwa shamba wakati wa mavuno. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na mmoja. Mashine ni yake na tela ni yake, ila gari la kuvutia hana. Kila msimu hukodi pikapu za watu, na nguo ya kuazima, walisema wa kale, haisitiri matako. Leo mwenye gari kafiwa, kesho gari lina pancha, keshokutwa kapata mzigo mwingine wa karibu. Yeye yuko shambani juu ya jiwe, mashine imemaliza kazi tangu asubuhi, anangoja kuvutwa kama jino bovu.

Jumatano hiyo alirudi nyumbani kwa miguu alasiri, kapi la mahindi limemwingia hadi masikioni, goti la kushoto limevimba. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango asiombe hata maji.

Mumewe alikuwa ndani. Huyu aliendesha malori miaka thelathini mpaka ukungu ulipomwingia machoni. Sasa anaona kivuli cha mtu na rangi ya shati, basi. Watu bado wanamwita Dereva, naye bado anaitika.

"Hakuja?" akauliza.

"Alikuja saa saba. Akasema gari limechoka, atarudi kesho."

"Gari limechoka."

"Ndivyo alivyosema. Nikamwambia hata mimi nimechoka, mbona sijaambiwa nirudi kesho."

Dereva akacheka puani, kisha akaacha, maana mkewe hakucheka.

"Basi kesho twende yadi tukanunue la kwetu," akasema. "Tumejinyima vya kutosha. Lakini mama watoto, tusikilizane. Lita tatu, dizeli. Gari la kuvutia si gari la kwendea kutembea."

"Lita tatu ina klachi ngumu. Nimekwambia mara ngapi? Mguu huu hauiwezi."

"Tutaweka kijana aendeshe."

"Kijana."

"Eeh."

"Yaani nitoke kwenye kungoja mwenye gari, niingie kwenye kungoja mwenye kuendesha. Hiyo ni kuhama chumba, nyumba ni ile ile."

Dereva jibu alikuwa nalo, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba angeendesha yeye, lau ingekuwa zamani. Mkewe alilijua, ndiyo maana hakuendelea.

Neno jingine lilikuwa moyoni mwa Mama Mashine, naye hakulitoa. Mwenye kinu cha kusagia, kule chini ya mlima, alikuwa ameitaka ile mashine. Aliitaka kwa heshima, akasema, mama, wewe umechoka, niachie mimi, unipe jibu Ijumaa. Naye alikuwa ameshakata shauri: asipopata gari analoliweza yeye mwenyewe, kwa mguu wake huu mbovu, Ijumaa atasema ndiyo na mashine itakwenda. Leseni anayo. Aliipata akiwa na umri wa kuitwa bibi, na aliyemfundisha ni mumewe mwenyewe, kabla macho hayajaharibika, na ndoa haikuvunjika, jambo ambalo majirani walilistaajabia sana.

Asubuhi ya Alhamisi wakaenda yadi watu watatu: yeye, Dereva, na mdogo wake wa kiume, ambaye ni fundi wa kuchomelea. Huyo ndiye mume wa aliyenisimulia. Tela aliiunda yeye, na siku hiyo aliivuta kutoka shambani mpaka pale, na mashine yake juu, kwa trekta la jirani aliyekuwa akipita njia hiyo.

Yadini kulikuwa na pikapu mbili za kuwafaa. Moja ya buluu, ndefu, lita tatu, dizeli. Nyingine nyeupe iliyochubuka milango, fupi kidogo, lita mbili, petroli. Muuzaji alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, na hakuwa msemaji sana, jambo lililomshangaza Dereva.

Mama Mashine akapanda ya buluu kwanza. Akakanyaga klachi. Goti likalia, na klachi ikashuka nusu ikasimama. Akakanyaga tena kwa mguu na kiuno pamoja. Ikashuka. Alipoiachia, paja zima lilikuwa linatetemeka.

"Vipi?" Dereva akauliza kutoka nje, ameshika kioo cha pembeni kama anamshika ng'ombe pembe.

"Iko kama kukanyaga kizingiti."

Akashuka, akapanda nyeupe. Klachi ikashuka yenyewe, kama imepigiwa simu. Akarudia mara tatu, si kwa kujaribu tena, ila kwa raha tu.

Muuzaji akauliza swali ambalo muuzaji mzuri huliuliza mwanzo. "Mnavuta nini?"

"Ile pale," fundi akasema.

"Mashine ina kilo ngapi?"

"Mia nne na themanini," Mama Mashine akasema. "Imeandikwa kwenye kibati chake."

"Na tela?"

Fundi akacheka. "Tela si kitu. Tazama."

Hapa nieleze kidogo. Kwenye karakana ya fundi huyu wana desturi yao. Tela ikikamilika, humwita mteja, na fundi huishika shingo ya tela, pale panapofungwa kwenye gari, akainyanyua kwa mkono mmoja, mkono wa pili kiunoni. Mteja huridhika, wenzake hupiga makofi, tela huondoka. Miaka yote hiyo ndiyo mizani yao. Basi akafanya vile vile pale yadini. Akainua shingo kwa mkono mmoja, mashine ikiwa juu.

"Umeona? Mtu mmoja. Na sijanywa hata chai."

Muuzaji akatazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali asichokipenda. "Kama tela ni nyepesi hivyo, lita mbili inatosha. Msiende mbio tu. Lakini mimi simwuzii mtu gari la kuvuta bila kuvuta. Chukueni hii nyeupe, mpande nayo mlima, mnirudishie kabla sijafunga. Ikiwashinda, semeni imewashinda."

"Itawashinda," Dereva akasema.

"Shemeji, wewe ungepewa meli ungeuliza kama hakuna kubwa zaidi," fundi akamwambia.

"Mchagua jembe si mkulima, nalijua hilo. Lakini jembe la kuchezea watoto nalo si jembe."

Wakafunga tela, wakaenda.

Mlima wenyewe haukuwa mrefu, ila ulisimama. Mashamba yote ya juu, yale ya mahindi mengi, njia yake ni hiyo. Mama Mashine aliingia gia ya kwanza tangu chini, akatulia na usukani. Mpaka robo ya mlima gari lilikwenda likinung'unika. Nusu ya mlima likaanza kukohoa. Akaongeza mafuta, injini ikapiga kelele nyingi na magurudumu yakaenda kidogo, kama mtu anayepiga kelele nyingi kuficha kwamba haendi popote. Kisha likasimama, likaanza kurudi nyuma kwa sababu tela ilikuwa inalivuta.

"Handibreki," Dereva akasema, sauti ya chini kabisa. "Na breki ya mguu. Usiachie. Fundi, mawe."

Fundi alikwisha kuruka. Akatia jiwe nyuma ya gurudumu hili, na jiwe nyuma ya lile. Mama Mashine akabaki amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Akajaribu kuondoka mara mbili. Mara ya pili ukatoka ule moshi wa klachi, harufu ya nywele za kuungua, akazima mwenyewe.

Kuna mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni, akawatolea pole, akawapita.

Nasema haki, Dereva hakusema "niliwaambia." Alikuwa na haki nayo na hakuitumia. Alisema tu, "Shukeni kinyumenyume, taratibu. Mimi nitakuwa nakwambia," kisha akakumbuka kwamba haoni, akasema, "fundi atakuwa anakwambia."

Walipofika chini, Mama Mashine akasimamisha gari, akaegemeza kipaji kwenye usukani. Hakulia. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao hata kulia ni kazi nyingine.

"Nipelekeni kwa mwenye kinu," akasema.

"Kufanya nini?" mdogo wake akauliza.

Hapo ndipo akawaambia. Wote wawili. Akawaambia kwa sauti ya kawaida, kama anataja vitu vya kununua dukani. Ya buluu haiwezi yeye, nyeupe haiwezi mlima, na kungoja watu hakuwezi tena. Jibu la Ijumaa atalitoa leo, apunguze siku moja.

Fundi akatazama mikono yake.

Kinu hakikuwa mbali, hatua chache kutoka miguuni mwa mlima. Sasa, lango la kinu kile lina mizani ya magari, bati kubwa lililolala chini, na chochote kinachoingia hukanyaga pale kwanza, kiwe na mahindi kisiwe nayo. Karani wake ni binti mmoja mtulivu, anakaa kwenye kibanda chenye dirisha, na hupima kila kitu kwa mazoea. Inasemwa hata mkwe wake akija humwona kwanza kwa kilo. Gari likapita kwanza, tela ikafuata ikasimama juu ya bati, binti akaandika.

"Shikamoo mama. Tela na mashine, kilo elfu moja mia tatu na sabini. Mnaleta nini?"

"Marahaba. Hatuleti kitu, mwanangu. Nimekuja kuonana na bosi wako." Darasani hakukaa sana, ila kutoa alikuwa anakujua, kutoa ndiyo hesabu ya mtu wa mashine. Kichwani akaondoa mia nne na themanini ya kibati. "Umesema ngapi?"

"Elfu moja mia tatu na sabini."

"Basi tela peke yake ni mia nane na tisini."

"Kama mashine ni mia nne na themanini, ndiyo."

"Mizani yenu imelewa," fundi akasema kutoka nje. Akaja dirishani. "Tela ile nainyanyua kwa mkono mmoja, binti yangu. Mtu mmoja."

"Unainyanyulia wapi?"

"Shingoni."

Binti akamtazama fundi kwa upole, ule upole wa mtu ambaye kila siku anaambiwa mizani imelewa. "Mjomba, ukishika shingo, magurudumu ndiyo yamebeba. Yako katikati. Hapo hujainyanyua tela, umeiinamisha tu. Nyanyua na gurudumu moja basi."

Fundi akacheka, akaenda, akaliinamia gurudumu kweli, mshipa wa shingo ukamtoka. Gurudumu likalala pale pale, halikujua kama limeguswa.

Miaka kumi na mmoja. Wenye pikapu walikuwa wakisema, mama, tela yako inakula gari, nao nyumbani wakadhani ni maneno ya kutafutia nyongeza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwenye kinu akatoka, anafuta unga mikononi. "Mama, umeniletea jibu?"

Mama Mashine alikuwa anaitazama tela. Aliitazama kama hajapata kuiona. "Nimekuja kupima," akasema. "Jibu ni kesho, si ndiyo? Kesho haijafika."

Wakatoka pale wakaenda karakanani, na walipofika fundi alikaa kwenye tangi tupu la gesi, akasema, "Dada, tela ile ya kwanza ilikatika."

"Najua ilikatika. Nilikuwa chini yake."

"Ilikukatikia wewe. Tela yangu. Goti hilo ni langu mimi." Akavuta kamasi. "Tangu hapo kila msimu ukiisha, unaniletea niitazame, naongeza kipande. Mara hapa, mara pale. Najiambia, hii haitakatika. Nilikuwa nikilala vizuri wiki ile niliyoongeza."

Mama Mashine akaweka mkono juu ya goti. Kumwambia si kosa lako ingekuwa uongo, na kumwambia ni kosa lako, alikwisha kujiambia mwenyewe kwa chuma.

"Basi sasa utakata," akasema. "Mpaka goti hili hili liweze kuivuta."

"Nikikata pasipo pake itavunjika."

"Usikate pasipo pake."

"Nitapajuaje, dada? Nimeshonea juu ya nilichoshonea. Sijui tena kipi kinabeba kipi."

Hapo Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mgeni, akasema, "Nipe spana. Kubwa."

Akapewa. Akaenda kwenye tela akipapasa, akainama chini ya mashine, akaanza kugonga. Kila chuma mara mbili, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemwamini. Miaka thelathini alikuwa akigonga matairi na springi za malori kabla ya safari, usiku na mchana, na kazi hiyo haikuhitaji macho hata wakati anayo.

"Hiki kinafanya kazi. Sikia kilivyokaza. Acha." Akasogea. "Hiki kimelala. Hakibebi hata nzi. Kata." Akasogea tena. "Hiki na hiki ni ndugu, mmoja anatosha. Kata cha nje."

"Hicho niliweka mwaka jana," fundi akasema.

"Kimelala tangu mwaka jana."

Walifanya hivyo mpaka alasiri. Fundi alikata kidogo kidogo, na kila alipokata kimoja Dereva aligonga jirani zake upya kusikia kama wameshtuka. Mara mbili alisema simama, umegusa mwenye kubeba, wakarudisha na kuchomelea. Mama Mashine alikaa kivulini, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia vyuma vikirundikana kando ya ukuta. Mke wa fundi anasema rundo lile lilikuwa kama uzio wa nyumba. Alipita hapo akajikwaa, ndiyo maana anaijua habari hii vizuri.

Wakarudi mizani. Binti akafungua dirisha.

"Elfu moja mia moja na kumi."

"Tumepunguza mia mbili na sitini," Mama Mashine akasema.

"Kama watu wanne wazima," binti akasema. "Wembamba."

Fundi hakucheka.

Chini ya mlima fundi akashuka, akasema atapanda kwa miguu, apunguze na yeye. Dereva akasema yeye hashuki, kwani bado hajawahi kuwa mzigo. Akakaa, mikono magotini.

Gia ya kwanza. Robo ya mlima. Nusu, pale palipokuwa na mawe yao ya asubuhi bado yamelala. Gari likakohoa. Mama Mashine akaona mkono wa mumewe unasogea kutafuta gia isiyo yake, kisha ukarudi.

"Usiikimbilie," Dereva akasema. "Usiongeze mafuta sasa. Iache ijipe."

Hakuongeza. Injini ikazama, ikatetemeka, sauti ikawa nene, kisha ikajishika. Gari likaenda, mwendo wa mtu mzito mwenye kikapu kichwani, fundi akiwapita pembeni kwa miguu, akifika mbele akiwangoja, akiwapita tena. Alichungulia chini ya tela kila walipompita, akitafuta ufa. Hakuuona.

Juu, mahali tambarare, akasimamisha. Injini ilikuwa ya moto sana, na goti lake lilikuwa goti tu.

"Imeweza," fundi akasema, anahema kuliko gari.

"Imeweza kwa shida," Dereva akasema. "Na tusidanganyane, lita tatu ingepanda inaimba. Hii kila siku utaingia shambani watu wameshakula mchana. Itakunywa petroli. Na siku ya matope hutapanda."

"Siku ya matope nitakaa nyumbani."

"Na kushuka. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tela haina breki, inakusukuma mgongoni. Gia ile uliyopandia ndiyo utakayoshukia, hata kama mtoto anakupita na ungo."

"Gia ya kwanza."

"Gia ya kwanza. Mpaka chini. Usikae juu ya breki, utaichoma."

Akashuka hivyo hivyo, kwa mwendo wa kuudhi. Kwenye lango la kinu mwenye kinu alikuwa anafunga mlango wa ghala. Mama Mashine akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Baba, nimekuja na jibu mapema. Mashine haiuzwi."

"Umepata dereva?"

"Ndiye huyu anaongea nawe."

Mwenye kinu akaitazama pikapu nyeupe iliyochubuka milango, akaitazama tela. "Lita ngapi hiyo?"

"Mbili."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayeona msimu ni mrefu na watu hubadili mawazo. "Kila la heri, mama."

Wakarudi yadi kabla hajafunga, wakamalizana na mwenye kalamu sikioni, wakaenda nyumbani na gari lao. Hakuna aliyeshangilia. Fundi alilala wa kwanza, kwenye mkeka sebuleni, hakufika hata kwake, mikono ya shati imetoboka kwa cheche. Mke wake alikuja kumtafuta, akamtazama, akamwacha.

Dereva alikuwa kitini bado anafundisha. Akasema kesho asubuhi kabla ya safari ugonge, kila chuma mara mbili, na ukisikia sauti imebadilika unitafute mimi, na gia ya pili usiiguse mpaka, na sentensi ikaishia hapo, kidevu kifuani.

Mama Mashine akangoja kama kuna mengine. Hakukuwa. Nje kulikuwa bado na mwanga, na kesho kulikuwa na mashamba matatu, yote ya juu. Akasema atakaa kidogo tu kisha ainuke ajipake dawa gotini. Akavua kiatu cha kushoto. Cha kulia hakukifikia.